Wapeni ukuta mmoja: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya sanaa

Kwa Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Idara za Sanaa na Wajumbe wa Kamati za Uteuzi wa Maonyesho, Tanzania, Kenya na Uganda.

Yah: Ombi la ukuta usiopitiwa na kamati ya uteuzi, na la mwanafunzi kujichagulia mada ya kazi yake ya kumalizia masomo

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaandika nikiwa mchoraji na mtu aliyefundisha uchoraji kwa miaka mingi, na ninaandika hadharani kwa sababu haya ninayoyaomba nimekwisha kuyaomba faraghani, vikaoni na kwenye korido za vyuo, na kila mara nikajibiwa kwa upole kwamba jambo langu litafanyiwa kazi. Miaka imepita, vijana niliowaombea wamekuwa watu wazima, wengine wameacha kabisa kuchora, na mimi sina tena umri wa kusubiri.

Ombi lenyewe ni hili. Kila chuo kitenge, mara moja kwa mwaka, ukuta mmoja katika ukumbi wake mkuu wa maonyesho, na kazi zitakazotundikwa hapo zisipitiwe na kamati yoyote. Vyama vya wachoraji vijana, wawe wanafunzi wenu au watu wa mtaani, viruhusiwe kuutumia kwa majina yao wenyewe. Pamoja na hilo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aruhusiwe kujichagulia mada na vifaa vya kazi yake ya kumalizia. Sina jingine kubwa. Siombi chuo kifungwe, wala walimu waondolewe, wala mtaala uchomwe moto.

Nianze na yangu, ili mjue natokea wapi. Chuo nilichosoma sitakitaja, maana walionifundisha walikuwa watu wema na wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Katika chumba cha kuchorea palikuwa na kichwa cha plasta cha mwanamume wa Kigiriki, kimewekwa juu ya kigoda kirefu karibu na dirisha. Ncha ya pua ilikuwa imemeguka, na mahali palipomeguka palikuwa peupe zaidi kuliko uso wote uliobaki, ambao mikono ya wanafunzi na vumbi la mkaa vilikuwa vimeufanya uwe wa kijivu. Tulikichora kichwa kile mihula miwili mfululizo: kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka chini, asubuhi jua likiingia na alasiri likiwa limehama. Hata leo naweza kufumba macho nikauona mstari wa kivuli chini ya kidevu chake. Sijutii hata saa moja niliyokaa mbele yake, kwa kuwa kichwa kile ndicho kilichonifundisha kutazama.

Kilichoniumiza kilitokea mwaka wa mwisho. Nilichora kazi tatu juu ya magunia ya kahawa yaliyofumuliwa mishono na kuwambwa kwenye fremu, nikitumia udongo mwekundu wa kwetu uliochanganywa na gundi ya mbao, na nilichokichora kilikuwa akina mama wanaochambua kahawa, migongo yao imeinama, vidole vyao vikubwa kuliko nyuso. Kamati ilikuja, ikasimama, ikaniuliza nani alinipa mada ile. Nikajibu kwamba nilijipa mwenyewe. Nikaambiwa kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtihani una mada zake, na kwamba gunia si turubai; nikapewa majuma matatu niandae chupa, kitambaa chenye mikunjo na maembe mawili. Nikayaandaa, nikafaulu, nikapewa cheti. Magunia yale niliyapeleka nyumbani, nikayakunja na kuyaweka darini juu ya jiko la mama, na huko moshi na panya vikayamaliza. Nimechora mengi tangu siku hiyo, lakini sijapata tena kuchora kwa ujasiri ule, na hilo nalisema bila kumlaumu mtu yeyote kwa jina.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba jambo lililonipata lilikuwa limewapata wengine kabla yangu, karibu neno kwa neno. Novemba 1863, mjini Saint Petersburg, wanafunzi 14 bora wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa waliitwa kushindania medali ya dhahabu, na wote wakapewa mada moja: karamu ya Odin, mungu wa hadithi za kale za Ulaya ya Kaskazini, katika Valhalla, ukumbi wake wa mashujaa. Hawa walikuwa vijana wa Urusi, baadhi yao watoto wa watu wa hali ya chini, na nchi yao ilikuwa imetoka kuwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana miaka miwili tu nyuma. Wakaomba kila mmoja ajichagulie mada. Wakakataliwa. Wakiongozwa na Ivan Kramskoi, wakasalimia, wakatoka ukumbini, wakaiacha medali pamoja na ufadhili wa kwenda kusoma nje ulioambatana nayo. Wakaanzisha ushirika, wakakaa nyumba moja, wakawa wanapokea kazi za kuchora pamoja na kugawana mapato. Mwaka 1870 baadhi yao, pamoja na wenzao wa Moscow, wakaanzisha chama cha maonyesho yanayosafiri, ambacho kilibeba picha kwa treni kutoka mji mmoja hadi mwingine ili watu wasiofika makao makuu nao wazione. Ilya Repin, ambaye picha yake ya wanaume waliofungwa mikanda kifuani wakivuta jahazi kando ya Mto Volga ilimfanya ajulikane kote, alijiunga nao baadaye.

Naomba mtazame mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba maonyesho ya kwanza ya chama hicho, mwaka 1871, yalifanyika ndani ya kumbi za chuo kile kile walichokitoka. Kwa hiyo hata chuo cha mfalme, chenye sheria zake na sare zake, kiliweza kuwapa waasi wake ukuta, na paa halikuanguka. La pili ni kwamba katika miaka ya 1890 chuo kilipofanyiwa marekebisho, kiliwaita Repin, Ivan Shishkin na Arkhip Kuindzhi waje kufundisha. Toka mlango ulipofungwa mpaka ulipofunguliwa ilipita miaka 30. Najiuliza ni vijana wangapi walipita katika miaka hiyo 30 wakichora miungu wasiyoijua, wakafaulu kama nilivyofaulu mimi, na tusiwasikie tena.

Mwaka huo huo wa 1863, Paris ilikuwa na tatizo hilo hilo kwa sura nyingine. Huko maonyesho makubwa ya serikali yalikuwa ndiyo soko, ndiyo cheti, ndiyo riziki. Mchoraji ambaye kazi yake ilikataliwa na majaji wa maonyesho hayo alikuwa na pa kwenda pachache sana. Majaji mwaka huo walikataa maelfu ya kazi, malalamiko yakamfikia mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, mwenyewe, naye akaamuru kwamba zilizokataliwa zitundikwe katika sehemu nyingine ya jengo lile lile, ili umma ujiamulie. Maonyesho ya waliokataliwa yalifunguliwa Mei 15. Watu walijaa, na wengi walikwenda kucheka. Walimcheka Edouard Manet kwa picha yake ya watu waliokaa majanini, na wakamcheka James Whistler kwa picha ya msichana aliyevaa nguo nyeupe mbele ya pazia jeupe. Leo picha ya Manet iko katika jumba la taifa la makumbusho la Ufaransa huko huko Paris, na ya Whistler iko katika jumba la taifa la sanaa la Marekani mjini Washington.

Nitakuwa mkweli: kazi nyingi zilizotundikwa pamoja na hizo mbili zimesahaulika, na nyingine yumkini zilistahili kusahaulika. Hilo halinisumbui, kwa sababu hata zile zilizopitishwa na majaji mwaka ule nyingi zimesahaulika vilevile. Ukuta ulio wazi hauahidi kwamba kila kitakachotundikwa ni kizuri. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba kosa la watu saba waliokaa mezani asubuhi moja wakiwa wamechoka halitakuwa neno la mwisho juu ya kazi ya mtu.

Na makosa hayo hukaa muda mrefu. Mchoraji Gustave Caillebotte alipofariki mwaka 1894 aliiachia serikali ya Ufaransa, bure kabisa, mkusanyo wake wa picha za Monet, Renoir, Cezanne, Pissarro na wenzao. Walimu wakubwa wa chuo cha sanaa cha Paris walipinga vikali, na baada ya mabishano marefu serikali ikapokea sehemu tu ya urithi huo, nyingine ikazikataa. Picha za watu hao ndizo wageni wanazopanga foleni kuziona Paris hivi leo.

Waheshimiwa, najua mtasema hayo ni ya Ulaya, na kwamba Ulaya ina fedha za kukosea na kusahihisha. Basi twendeni Zaria, kaskazini mwa Nigeria, mahali ninapopenda kuliko pote katika historia hii, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona hali yetu wenyewe.

Mwaka 1958 palikuwa na chuo huko, Chuo cha Sanaa, Sayansi na Teknolojia cha Nigeria, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello. Idara ya sanaa iliendeshwa zaidi na Waingereza, kwa mtaala wa Kiingereza, na wanafunzi walifundishwa kuchora kama vijana wa London walivyofundishwa. Oktoba mwaka huo kundi dogo la wanafunzi wakaunda chama. Miongoni mwao walikuwa Uche Okeke, Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya, Yusuf Grillo, Simon Okeke na wenzao wachache, na alikuwamo pia mwanamke, Ikpomwosa Omagie. Hawakugoma. Hawakutoka darasani kama Warusi wale. Mchana walifanya kazi zilizotakiwa na walimu, na baada ya masomo walikutana wao kwa wao, wakasomeana waliyoyaandika, wakapeana jukumu la kurudi makwao na kuchunguza: huyu hadithi za Waigbo, huyu za Waurhobo, huyu vinyago, huyu michoro ya kuta za nyumba. Mwaka 1960, Nigeria ikiwa inajipatia uhuru wake, Okeke akaandika tamko la chama, akaiita njia yao muungano wa asili. Maana yake ilikuwa kwamba mchoraji wa nchi mpya achukue kilicho bora katika aliyofundishwa na wageni, achukue kilicho bora katika urithi wa kwao, na avioanishe kwa hiari yake mwenyewe, bila kulazimishwa kukitupa kimojawapo. Mwaka 1961 masomo yalipoisha, chama nacho kikavunjwa kwa makubaliano, na kila mtu akaenda zake kufanya kazi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukitilia mkazo. Okeke alikuwa na mama aliyejua uli, yaani ile michoro ya mistari myembamba ambayo wanawake wa Kiigbo waliichora kwa maji ya mimea juu ya miili yao na kuta za nyumba zao. Akajifunza kwake. Yaani msomi mwenye cheti cha chuo alikaa chini akafundishwa kuchora mstari na mama yake, na baada ya vita vya Biafra alipokwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akauingiza mstari ule katika masomo, ukazaa kizazi kizima cha wachoraji. Grillo akaiongoza idara ya sanaa ya Chuo cha Teknolojia cha Yaba, Lagos, kwa miaka mingi. Onobrakpeya akafundisha shule ya sekondari Lagos na kuwa bingwa wa uchapaji picha anayejulikana duniani. Wanafunzi wachache waliopata nafasi ya kukutana jioni bila kuadhibiwa wakawa ndio walimu wa nchi yao. Hakuna mwalimu aliyepoteza chochote kwa kuwaacha wakutane.

Nimeyasema ya Zaria kwa urefu kwa sababu kwetu habari ilikwenda tofauti kidogo, na inafaa tuikumbuke kwa haki. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, akianzia barazani kwake, na aliamini kwamba wanafunzi wa Kiafrika wasionyeshwe sana picha za Ulaya, bali wasimuliwe hadithi kisha wachore kutoka katika fikra zao. Mwaka 1958 akaja Cecil Todd, aliyeona kinyume chake: akaleta historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi, na nidhamu ya ufundi. Wote wawili walifanya kazi kubwa na shule ile inadaiwa heshima yake kwao. Lakini tazameni wanachokubaliana: yule aliyefunga dirisha na yule aliyelifungua, kila mmoja aliamua peke yake mwanafunzi aone nini. Mwanafunzi mwenyewe hakuulizwa. Na sisi tuliorithi vyuo hivi tumerithi pia tabia hiyo, tukaibadilisha ngozi tu.

Hata hivyo palikuwa na watu ambao hawakungoja kuulizwa. Sam Ntiro, kijana wa Uchaggani aliyesoma na kufundisha Makerere na kusoma pia London, aliendelea kuchora vijiji vya Kilimanjaro kwa mtindo wake mwenyewe, na picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, aliyoichora mwaka 1956, imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Elimo Njau, naye mtu wa Kilimanjaro na wa Makerere, alichora ukutani katika kanisa la Murang'a maisha ya Yesu akiwa Mwafrika katika mandhari ya Kikuyu, wakati majeraha ya vita vya Mau Mau yalikuwa hayajakauka. Na mwaka 1965, pamoja na wenzake, wakaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali ambapo msanii aliweza kuonyesha kazi bila kuulizwa amesoma wapi. Njau alihubiri kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Lubumbashi, ambako Kiswahili kinasemwa sokoni na nyumbani, akina Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walikuwa wameanza kuchora tangu miaka ya 1940 katika karakana ya Pierre Romain-Desfosses, kila mmoja kwa mkono wake: Bela kwa ncha za vidole, Pilipili kwa samaki na ndege wake waliojaa nukta.

Na Dar es Salaam, nyie wote mnamjua Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye hakuingia mlango wa chuo chochote cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua vipande vya hadibodi vya mraba na rangi ya kupakia baiskeli, akachora chui na ndege, akauza Oysterbay penye duka la Morogoro Stores. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyopigwa kimakosa. Ndugu na wanafunzi wake wakajikusanya, wakaunda ushirika ambao mpaka leo unalisha familia. Nimekaa katika vikao ambamo jina lake lilitajwa kwa kudharauliwa, kama picha za watalii, na waliosema hivyo ni watu waliosomeshwa kwa kodi za nchi ambayo duniani kote inatambulika kwa picha hizo. Mtu anaweza kutopenda mtindo ule, nami nakiri kwamba marudio yake mengi hayanivutii. Lakini kumfungia mtu ukumbi wa umma kwa kuwa alitumia rangi ya baiskeli ni jambo ambalo sijawahi kupewa sababu yake iliyonitosheleza.

Nina kisa cha karibuni zaidi. Binti mmoja niliyemfundisha, mtoto wa pwani, alileta mbele ya kamati moja ya uteuzi kazi aliyoisuka kwa ukili. Alikuwa ametia miyaa rangi mwenyewe, zambarau, nyeusi na ya manjano iliyoiva, akasuka kanda nyembamba na kuzishona pamoja mpaka zikafika urefu wa mita mbili. Ukisimama karibu ulikuwa unaona ususi, ukirudi nyuma hatua tano ulikuwa unaona bahari na ngalawa iliyopinduka, na ilikuwa ngalawa ya baba yake. Kamati ilisifu subira yake, ikasema hiyo ni kazi ya mikono, ikampa mwongozo wa namna ya kupeleka bidhaa kwenye duka la zawadi. Alitoka pale bila kulia. Jioni ile yeye na wenzake wanane waliokataliwa walitandika kamba za nguo katika ua wa nyumba ya mmoja wao, wakatundika kazi zao kwa vibanio vya kuanikia, na ule mkeka wakaufunga kwenye shina la mwembe. Mimi nilikwenda. Majirani walikuja na watoto wao, mwenye genge akafunga genge lake akaja, na mzee mmoja mvuvi alisimama mbele ya ule ukili muda mrefu, kisha akamwuliza yule binti upepo ulikuwa unatoka upande gani siku ile.

Yule mvuvi alikuwa ameisoma kazi kuliko kamati ilivyoisoma, na swali lake ndilo swali bora nililowahi kusikia mtu akiuliza katika maonyesho. Lakini ua wa nyumba hauna taa, mvua ikinyesha kazi zinaloa, na hakuna mwandishi wa habari wala mnunuzi wala mkuu wa chuo aliyefika. Ndiyo maana nauomba ukuta wenu.

Wanawake, kwa kweli, wanalijua jambo hili kwa uchungu wa pekee. Chuo kikuu cha sanaa cha Paris hakikuwapokea mpaka mwaka 1897, na hakikuwapokea kwa huruma: tangu 1881 Helene Bertaux, mchongaji, alikuwa ameanzisha umoja wa wanawake wachoraji na wachongaji, wakafanya maonyesho yao wenyewe kila mwaka na kubisha hodi bila kuchoka. Kwetu mlango uko wazi kwa mwanamke, lakini ujuzi aliokuja nao kutoka kwa mama na bibi yake, wa ususi, wa hina, wa ufinyanzi, wa kupaka nyumba, huambiwa uvue viatu ubaki nje.

Sasa nijibu yale ambayo najua yatasemwa. Kuhusu viwango: alama zinabaki mikononi mwenu, mtihani unabaki wenu, cheti kinabaki chenu, ukuta ninaouomba hautoi shahada kwa mtu yeyote. Kuhusu mada ya kazi ya kumalizia, mwanafunzi anayejichagulia mada anaweza kupimwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa hana pa kujificha; akishindwa, ameshindwa kwa jambo lake mwenyewe. Kuhusu matusi na uchochezi, sheria za nchi zipo na zinamhusu kila mtu, mwenye chuo na asiye na chuo.

Hoja nzito ni nyingine, na inatoka upande wetu. Wale wanaopinga vyuo, wakipata nguvu, nao hugeuka kuwa walinzi wa mlango. Wale Warusi wa maonyesho yanayosafiri walipozeeka walianza kuwawekea vijana vikwazo katika chama chao wenyewe. Khartoum, kizazi cha mchoraji Ibrahim El-Salahi kilijitenga na mafunzo ya kikoloni kwa kuyageukia maandishi ya Kiarabu na sanaa za nyumbani, kikaheshimika, kikawa ndicho sauti rasmi ya sanaa ya Sudan. Na mwaka 1976 mchoraji na mwalimu Kamala Ibrahim Ishaq na wanafunzi wake wakatoa tamko la kuipinga sauti hiyo. Mwaka 1917 mjini New York chama kilichoahidi kuonyesha kazi ya kila atakayelipa ada, bila majaji, kilikaa kikao na kuikataa kazi moja tu, ile ya beseni la msalani aliyoileta Marcel Duchamp kwa jina la kubuni, na hiyo moja ndiyo iliyokuja kuzungumzwa kuliko zote. Kwa hiyo siwaombi muwakabidhi vijana ukumbi wote na mamlaka yote. Naomba ukuta mmoja, uwe wazi kila mwaka, kwa kila chama kitakachokuja, kikiwemo kile kitakachokuja kukipinga hiki cha leo.

Utaratibu si mgumu. Majuma mawili yanatosha, na wakati mzuri ni mara baada ya mitihani, kumbi zinapokuwa tupu. Nafasi zigawanywe kwa kura, mbele ya watu. Kila mwenye kazi alete misumari na kamba zake, atundike mwenyewe, akae karibu na kazi yake angalau siku mbili ajibu maswali. Chuo kitoe mlinzi, taa na daftari la wageni kuandika maoni. Na kamati ya maonyesho ya kawaida inapoikataa kazi ya mtu, imwandikie sababu kwa mistari michache na kutia sahihi, nakala ibaki chuoni pamoja na picha ya kazi hiyo. Mimi sina karatasi yoyote inayoonyesha kwamba magunia yangu yaliwahi kuwapo.

Nimeongea na kundi la yule binti wa ukili. Sasa wamefika 14, na ninapoandika kazi zao zimehifadhiwa katika chumba changu cha nyuma, zimefungwa kwa khanga kuukuu ili vumbi lisizipate. Tuko tayari kuzileta katika chuo cha kwanza kitakachotujibu, kwa gari letu na kwa gharama yetu, tuzitundike na tuzishushe tutakapoambiwa muda umekwisha. Naomba majibu yawe kwa maandishi, yawe ya kukubali au ya kukataa, ili niweze kuwasomea.

Wenu katika kazi,

Mchoraji na mkufunzi wa zamani wa uchoraji,
Moshi